Utepe Ulikuwa Mmoja

Miaka kumi na miwili nampa daktari vifaa vya upasuaji, na kila utepe unaowekwa kwenye mashine ya kushona utumbo kwa pini huwa naulowesha kwanza, ulainike. Mikono yangu haiulizi. Leo aliyelala mezani ni mjomba. Kabla ya kupewa usingizi alitania, "Mpwa wangu yupo, sina wasiwasi."

Daktari akaomba utepe, wa aina mpya ulioletwa leo. Nikamwonyesha bakuli.

"Umeulowesha? Sista, huu una dawa ya kuponya mshono! Ukilowa tu, dawa inatoka. Upo mwingine?"

"Ulikuwa huo mmoja."

Akashusha pumzi, akashona hivyo hivyo. Nami, mjinga mzoefu, nikabaki nimeshika bakuli la maji yenye dawa yote ya mjomba, nisijue hata pa kuyamwaga.