Sala ya Kufukuza Ndege

Jirani yetu Mama Agnella anaapa aliona kwa macho yake: katekista Vitus alipiga goti kwenye mpunga wake, akanyoosha mikono, na ndege wote wakaondoka kama walioitwa mbinguni.

Mimi nilikuwepo, maana katekista ndiye aliyenipa kazi ya kuamia, kufukuza ndege shambani kwake msimu huu. Katekista alikuwa amelala chali juu ya dungu la kulindia shamba, mdomo wazi, rozari shingoni. Aliamka mara moja tu, akaniambia, "Wewe, piga debe upande huu, ndege waende shambani kwa Bibi Brigitha. Yule mjane, Mungu atamwona."

Nikapiga debe. Ndege wakaenda.

Jumapili akatoa ushuhuda kanisani. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga.

Leo asubuhi Bibi Brigitha amenifuata shambani na masuke mkononi, makapi matupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimebakiwa na jaruba moja tu la mpunga, ndilo chakula changu cha mwaka. Huyo katekista namwogopa, anajisikia utadhani yeye ndiye aliyembatiza Yesu. Lakini wewe ulikuwepo. Hebu nifundishe ile sala."

Debe bado lilikuwa mkononi mwangu.