Biskuti Mbili za Bibi

Siku kiwanda cha nyuzi kilipofunga milango, Baba Pacha hakurudi nyumbani mapema kama wenzake. Alikaa kwenye benchi la kituo cha basi mpaka saa kumi na moja jioni, saa aliyozoea kutoka kazini, ndipo akanyanyuka kuelekea kwake. Mkewe alimtazama tu namna alivyovua viatu, akajua kuna jambo. Akamvuta jikoni, akafungulia bomba ili maji yapige kelele kwenye sufuria, akamuuliza kwa mnong'ono.

"Wametuachisha wote," Baba Pacha akasema. "Mama asijue."

Mama asijue. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoitawala nyumba ile kwa miezi mitano.

Mama mwenyewe, ambaye wajukuu walimwita Bibi na mtaa mzima ukafuata, alikuwa chumba cha pili anasikiliza redio. Umri wake ulikuwa umevuka sabini na presha ilimwandama. Mwaka uliotangulia daktari aliwaita mwana na mkwe pembeni akawaonya: mzee huyu ameze dawa kila siku bila kukosa, na asipate mshtuko, habari mbaya msimpelekee. Wakalishika neno lile kama kiapo. Daktari naye, lau angejua watu wale walivyo watiifu, pengine angeyachagua maneno yake vizuri zaidi.

Basi wakakaa, wakapunguza. Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani hafundishwi kukata. Nyama ikaondoka wiki ya kwanza, mayai yakafuata. Taa ikabaki moja, ya sebuleni. Baba Pacha akaacha sigara, na kwa wiki mbili akawa mkali hata kwa viatu vyake mwenyewe. Mapacha, wasichana wa miaka tisa, wakaanza kwenda shule kwa miguu na kunywa uji usio na sukari. Mama Pacha akaacha kwenda kwa msusi, akawa anajifunga kitambaa kichwani kutwa, na majirani wakamsifu kwamba siku hizi amemrudia Mungu.

Lakini vitu vya Bibi havikuguswa. Bibi hakuwa na makuu. Starehe zake zilikuwa chai ya maziwa asubuhi, sabuni ya kunukia ya kuogea, betri za redio, na biskuti mbili kila saa kumi jioni, zile za pakiti zenye krimu katikati. Mama Pacha alijua kwamba siku sabuni ile ikigeuka kuwa kipande cha sabuni ya kufulia, siri imekwisha. Kwa hiyo alishona viraka vya watu, akapunguza suruali za watu, akabadilisha zipu za watu, na senti za kwanza zikaenda kwenye biskuti.

Na pesa ya dawa, hiyo ndiyo haikujadiliwa kabisa. Kila mwisho wa mwezi Baba Pacha aliiweka kwenye kiganja cha mama yake, kama alivyofanya tangu mshahara wake wa kwanza. Bibi aliibusu, akaifunga kwenye pindo la nguo, kesho yake akachukua mkoba wake na kwenda mwenyewe duka la dawa. Hakutaka kusindikizwa. "Mimi sijafika huko," alikuwa akisema.

Pesa yenyewe ilitoka wapi, aijuaye ni mgongo wa Baba Pacha. Kila asubuhi alivaa ovaroli yake ya kiwandani, akamuaga mama yake, akaenda kusimama na wanaume wengine kwenye kona wanakochukuliwa vibarua. Siku nyingine alichimba mitaro. Siku nyingine alichanganya zege. Siku nyingi alisimama tu mpaka jua likamchosha, akarudi saa kumi na moja akiwa na uso wa mtu aliyetoka kazini.

Jioni moja Bibi aliisukuma sahani pembeni.

"Mkwe wangu, biskuti hizi siku hizi sina hamu nazo. Wape watoto."

Moyo wa Mama Pacha ukapiga pa. Amejua!

"Watoto wameshakula zao, Mama," akadanganya. "Wamekula mpaka wamechoka."

"Basi ziweke."

"Zitalainika. Mama, kula jamani. Unataka mwanao aseme simtunzi mama yake?"

Bibi akamtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini hayakuwa macho ya kuchezewa. Kisha akachovya biskuti kwenye chai, akala, akachukua ya pili, akala. Mama Pacha alisimama palepale mikono kiunoni mpaka sahani ikawa tupu, kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa.

Nyuma ya pazia pacha mmoja akamwambia mwenzake, si kwa sauti ndogo sana, "Bibi hazitaki anapewa. Sisi tunazitaka hatupewi." Mama yao akamfinya sikio. Halafu akaenda msalani, akajifungia, akalia huku kitambaa cha kichwa kiko mdomoni.

Kulikuwa na jambo moja tu la kumpa nguvu. Unga. Mama Pacha alipima unga kwa kikombe, na kwa hesabu yake kila wiki pipa lilipaswa kukauka Alhamisi. Alhamisi ikifika, unga upo. Jumamosi, upo. Mwanzoni alidhani anakosea kupima. Baadaye akaelewa, au alidhani ameelewa: ni mume wake. Anaupitisha kimyakimya akitoka kibaruani, anaumimina pipani wakati yeye yuko kwenye cherehani, na anaona aibu kusema kwa sababu kilo moja si kitu cha mwanamume kujivunia. Akampenda upya kwa hilo. Hakumuuliza. Kumuuliza ni kumvua nguo.

Baba Pacha kwa upande wake aliona chakula hakikatiki, akajua mkewe anashona hata vya watu asiowasema, pengine kwa bei ya kutupa. Naye hakuuliza. Nani atamuuliza mwanamke anayemlisha ametoa wapi? Kila mmoja akamshukuru mwenzake kimoyomoyo, na shukrani ile ikapotea njia.

Jumamosi ilikuwa siku ya Bibi kufua. Nguo nyingine zote zilifuliwa na mkwe, lakini ovaroli ya mwanawe Bibi hakumwachia mtu, tangu kijana alipokuwa mwanafunzi wa ufundi, na mkwe alipoolewa alikuta ndiyo sheria ya nyumba. Jumamosi hiyo Baba Pacha alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumwona rafiki, kumbe kuna mtaro. Mama Pacha alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano aliposikia beseni likipinduka uani.

Alimkuta Bibi ameketi chini ameegemea ukuta, maji yamemlowanisha, mdomo umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia ulilala tu pajani. Wa kushoto ulikuwa umeshika mkono wa ovaroli, na haukutaka kuuachia.

Jirani mwenye pikapu aliwafikisha hospitali. Muuguzi akataka kadi ya kliniki ya mgonjwa, na jina la dawa anazotumia. Mama Pacha akarudi mbio nyumbani, akafungua sanduku la Bibi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Kadi ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwenye leso pamoja na dawa. Alizifungua dawa zile akakaa kitako sakafuni.

Vidonge vilikuwa vimekatwa kwa wembe. Vingine nusu, vingine robo, kila kipande kimefungwa kwenye karatasi yake kama pipi. Vilivyobaki havikufika kumi. Na bahasha ya duka la dawa ilikuwa na tarehe ya miezi minne nyuma.

Alitoka na kadi mkononi, akapita duka la kona kukopa nauli. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene ambaye kila mtu alimwita Mama Mizani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpunja wala kupunjwa naye.

"Bibi vipi?" Mama Mizani akauliza. "Nimesikia kaanguka."

"Mama Mizani, dawa hajanunua. Miezi minne. Pesa anapewa, sijui anapeleka wapi!"

Mama Mizani akainamisha kichwa, akafuta mizani ambayo haikuwa na vumbi.

"Aliniapisha nisiseme," akasema mwishoni. "Kila mwisho wa mwezi ananiletea pesa yote. Anachukua kilo, kilo mbili, anatia kwenye ule mkoba wake. Ni unga, mwanangu. Alikuwa ananunua unga."

Mama Pacha akashika meza.

"Alijua?"

"Alijua wiki ya pili tu. Aliniambia, Mama Mizani, miaka ishirini nafua grisi. Sasa maji yanatoka rangi ya saruji. Kiwanda gani cha nyuzi kina saruji?"

"Kwa nini hakutuambia?"

"Nilimwambia aseme. Akanijibu kwamba mwanawe akijua mama amejua, hatainua tena uso mbele yake. Akasema, niache nijifanye sijui, ni kitu pekee nilichobaki nacho cha kumpa."

Njiani kurudi hospitali Mama Pacha hakutaka kupiga hesabu, ila kichwa cha fundi hakitulii, kikapiga chenyewe. Biskuti za mwezi, sabuni, betri, maziwa. Jumla yake ilitosha dawa ya mwezi mzima na chenji ikabaki. Dawa ile walikuwa nayo siku zote. Ilikaa kwenye sahani kila saa kumi jioni, naye akasimama mikono kiunoni, akamlazimisha mama wa watu aitafune kwa sura ya biskuti. Alitaka kupiga yowe palepale barabarani. Alichofanya ni kuongeza mwendo.

Baba Pacha, aliyepashwa habari na majirani, alimkuta mkewe kwenye kibaraza cha wodi, udongo wa mtaro umemkaukia mpaka magotini. Mama Pacha alimweleza yote kwa sentensi tano au sita. Mume alienda ukutani akauegemea kwa paji la uso, akabaki hivyo mpaka daktari alipotoka.

"Ni kiharusi. Upande wa kulia umelala," daktari akasema. "Maneno huenda yakarudi kidogo. Dawa za presha alikuwa anameza?"

Mama Pacha akatikisa kichwa. Muuguzi aliyekuwa anapita na sinia la sindano akaguna, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaendelea na safari yake. Hakujua katika familia ile ni nani aliyemficha nani.

Siku ya tatu Bibi alifumbua macho na maneno yakaanza kumrudia, mazito, moja moja. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mume na mke walifika geti halijafunguliwa. Usiku kucha Baba Pacha alikuwa ameapa kwamba atasema. Imetosha, alimwambia mkewe, uongo huu umenilia mama yangu, sitaulisha tena. Mama Pacha akamwambia sema, baba watoto, sema wala usichague maneno.

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na harufu ya dawa ya kudekia. Baba Pacha akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama yake ule ulio hai.

"Mama, nina neno nataka kukwambia."

Bibi akamtazama.

"Mama, mimi kule kiwandani..."

Mkono wa kushoto ukachomoka mikononi mwake. Ukapanda polepole, unatetemeka, ukamfunika mdomo. Ulikuwa mkono mwepesi, mtoto angeweza kuuondoa, lakini Baba Pacha hakuthubutu. Bibi akageuza shingo kumwelekea mama mmoja wa kitanda cha jirani, aliyekuwa anakunywa uji.

"Mwanangu... huyu," akasema, na kila neno alilivuta kama ndoo kutoka kisimani. "Fundi. Kiwanda kizima... kinamtegemea."

"Hongera, bibi," yule mama akasema. "Umezaa."

Machozi ya Baba Pacha yakateremka juu ya vidole vya mama yake. Mama Pacha alitaka kusema yeye, alifungua kinywa kabisa, lakini Bibi alimtazama mara moja tu, yale macho yasiyochezewa, naye akafunga. Alielewa kwamba anaombwa kitu, na kwamba baada ya yote waliyomnyima kwa kumpa, hiki hakuwa na haki ya kumnyima.

Bibi akachukua ncha ya shuka, akamfuta mwanawe uso, jicho moja kisha la pili, kama alivyomfuta akiwa wa miaka mitatu.

"Nenda, baba," akasema. "Utachelewa... kazini."

Baba Pacha akainuka. Akamgeukia mkewe kama mtu anayezama anayetafuta pa kushika, na mkewe hakuwa na pa kumshikisha. Akajifuta kwa kiganja, akanyoosha shati.

"Haya, Mama," akasema. "Nimekwenda."

Akatoka kwa mwendo wa haraka, mwendo wa mtu anayesubiriwa na mashine. Mama Pacha akasogea dirishani, akamwona anavuka uwanja na kufika getini. Hapo akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, watu wanampita, na hakujua ashike njia ipi.

"Ameshaondoka?" Bibi akauliza kutoka kitandani.

"Ameondoka, Mama," Mama Pacha akajibu bila kugeuka. "Ameenda kazini."