Kuanzia Hapa ni Mikono Tu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na matone ya maji yalining'inia kwenye waya za breki kama shanga. Tulikuwa watu ishirini na wawili wa chama cha baiskeli, tumejipanga mbele ya duka la vipuri, tayari kwa safari ndefu ya mwaka: kilomita mia na kumi kupitia mashambani, hadi mji ulio upande wa pili wa mlima.

Baba mkwe, mwenyekiti wetu tangu chama kianze, alipanga foleni mwenyewe.

"Mkwe wangu atakaa mbele yangu," alisema. "Na avae lile shati lake la njano."

Watu walicheka, wakidhani ananidekeza mimi, mke wa mwanawe. Mimi sikucheka.

Miezi miwili kabla ya hapo aliniita jikoni, akafunga mlango, akanipa barua ya daktari wa macho. Niliisoma taratibu, kwa kidole, neno moja moja, kama tunavyofundishwa kwenye madarasa ya jioni. Ilisema jicho la kulia halioni tena, na la kushoto linaona rangi na vivuli tu. Asiendeshe chombo chochote barabarani. Nilipomaliza, alinisogezea Kitabu Kitakatifu juu ya meza.

"Weka mkono. Apa kwamba hutamwambia mtu, hata mumeo."

Nilikuwa na unga viganjani. Nikaufuta kwa kanga, nikaapa. Ni baba mkwe; sikujua mtu humkataliaje baba mkwe.

Tangu siku hiyo, kila nikipiga magoti nilianza na barua ile, na kila nikiinuka nilikuwa bado ninayo. Nikibaki nyumbani, atakwenda bila mimi, ataanguka. Nikienda, mimi ndiye ninayemwezesha kwenda. Nilimwomba Mungu anionyeshe mlango wa tatu. Sikuonyeshwa.

Chama chetu kina desturi moja. Aliye mbele akiona hatari hupaza sauti, na kila mmoja huirudia kwa aliye nyuma yake mpaka mkiani. Wengine hutangaza mashimo makubwa tu. Mimi nilitangaza kila kitu.

"Shimo kushoto! Changarawe! Mbuzi! Tuta! Kona ya kulia, Baba, kulia!"

Mama Mikate, mwoka mikate wetu, alikuwa nyuma ya baba mkwe. "We dada, leo umemeza redio?" alipiga kelele. "Hata shimo la sisimizi unatupa taarifa!"

"Mwache," alijibu baba mkwe. "Anajifunza kazi."

Sikuthubutu kunywa maji, maana nikiinamisha kichwa kuchukua chupa, nani ataitazama barabara? Sikuthubutu kwenda mbio wala kupunguza mwendo. Nilisikia tairi lake likinong'ona nyuma yangu saa zote, mkono mmoja kutoka kwangu, kama mtu aliyenishika nguo. Pande zote mbili mashamba yalikuwa wazi mpaka macho yanapoishia, na mimi nilikuwa na upana wa shati langu tu.

Saa saba mchana tulisimama juu ya mlima. Mume wangu, anayeendesha pikapu ya maji na matairi ya akiba, alinijia na kikombe.

"Sauti yako imekwenda wapi, mama?"

Nilifungua mdomo. Pembeni yangu baba mkwe alikohoa. Kikohozi kimoja tu, kikavu. Nikanywa maji.

Kisha Spoki, fundi wetu wa baiskeli na kiongozi wa foleni, akapiga makofi. "Jamani! Mteremko huo hapo. Kilomita tisa, kona kumi na moja, na malori yanapanda. Upepo unameza maneno, kwa hiyo kuanzia hapa ni mikono tu. Mkono juu, simama. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema baba mkwe kabla ya wote.

Nilimsogelea. Sauti iliyobaki ilikuwa ya kunong'ona tu. "Baba, tuingie kwenye gari. Nakuomba."

"Uliapa."

"Niliapa kutosema."

"Basi usiseme. Panda."

Nikapanda. Kabla ya kona ya kwanza kuna kipande cha barabara tambarare, kama hatua mia mbili, chenye nyasi pembeni. Tulikwenda polepole. Nilisema moyoni, Bwana, kama ni kosa liwe juu yangu. Nikajisogeza ukingoni, karibu na nyasi, nikaunyoosha mkono wangu wote juu, nikafunga breki.

Nyuma nilisikia breki zikilia moja baada ya nyingine. Moja haikulia. Tairi lake liliingia kwenye gurudumu langu, tukaangukia nyasini wote wawili.

Mama Mikate alikuwa wa kwanza kufika. "Mzee! Mkono umesimama kama mlingoti, hukuuona?"

Spoki alirudi mbio, akachuchumaa, akainua mkono. "Mwenyekiti, hivi ni vidole vingapi?"

"Vya kutosha kukukaba koo."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Baba mkwe alikuwa akipapasa nyasi kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa hatua moja mbele yake, nyekundu, juani. Wote walimtazama akiitafuta. Niliiokota nikampa. Alipogundua ni mkono wangu, hakuipokea.

Mume wangu alimtazama baba yake, akanitazama mimi. "Ulijua?"

"Hakukuwa na hatari yoyote mbele," nilisema. "Nilisimama makusudi. Nisameheni."

Baba mkwe aliinuka peke yake. Aliisimamisha baiskeli, akapangusa tandiko kwa kiganja, akausukuma usukani kuelekea ilikotoka sauti ya Spoki, mpaka Spoki akaupokea.

"Nisikilizeni wote," alisema. "Naahidi mbele yenu: sitapanda tena baiskeli barabarani, leo wala mwakani." Kisha akageukia upande niliokuwa. "Na wewe, leo sina neno la kukwambia. Siku nitakapokuwa nalo, nitakuita mwenyewe. Hilo nalo naahidi, na hawa wamesikia."