Ruhusa ya Kunisalimia

Nyumba yangu ni ya mwisho upande wa kulia unapopanda kutoka Thornshaw, kabla barabara haijapinda kuingia nyikani. Ukishalipita geti langu hukuti mtu tena. Ni kondoo wa Clegg na kuta za mawe mpaka kileleni, kilomita nne. Marehemu mume wangu, Wilf, aliichagua makusudi, apate kilima cha kupanda na baiskeli yake kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani. Enzi zake vijana wa Uingereza walikuwa wakienda Ufaransa kwenye mbio za wiki tatu na kurudi baada ya wiki moja, wamechubuka makalio, na Wafaransa wanacheka. Wilf alikufa hajaona lolote jema. Mimi nimeona. Nimewaona wetu wakishinda Ufaransa, wakashinda Italia, wakashinda Hispania, mpaka Clegg, jirani yangu, ambaye baiskeli aliijua kwa kuwatisha kondoo wake tu, akaanza kunigongea mlango kuniuliza nani kapoteza dakika ngapi mlimani.

Kieran ni mjukuu wangu, nimemlea tangu ana miaka mitano. Mama yake alifuata mambo yake kusini, na huko sitaki kuingia. Kilima cha Wilf kikawa chake. Alipofika miaka kumi na saba akanijia na mwenzake wa timu ya vijana, Gethin Prosser kutoka Wales, mrefu, masikio yamesimama kama ya sungura, wakakaa kwangu majira mawili ya baridi wakifanya mazoezi. Nilipika kwa wawili. Nilianika soksi za wawili juu ya jiko, na za Gethin nilizitia viraka kwenye kidole gumba, maana kwao walikuwa watoto saba na soksi zilirithiwa. Gethin ndiye aliyekuwa akiosha vyombo. Kieran mkono ulikuwa ukimuuma kila chakula kikiisha, na Gethin akimtania kwamba huo ni ugonjwa wa kwanza duniani unaopona sahani zikikauka.

Baadaye kila mmoja akachukuliwa na timu yake, wakawa watu wa kuonekana kwenye televisheni. Lakini Gethin hakuacha kuniita Bibi, na kila akipita kaskazini alikuja kula.

Sasa, hawa waendesha baiskeli wana desturi yao moja, haikuandikwa katika kitabu chochote cha sheria. Mbio zikipita kwao mtu, huenda kwa mwenye jezi ya uongozi, yaani anayeongoza kwa jumla ya muda, akamwomba ruhusa. Akikubaliwa, kundi zima hupunguza mwendo, yeye hutangulia peke yake, husimama mlangoni kwao, hubusu mama au mke au mtoto, kisha husonga mbele polepole akingoja kundi limfikie, safari ikaendelea. Hakuna anayelala njaa kwa hilo. Wilf alinisimulia habari hiyo kabla hatujaoana, na nilipenda kwamba watu wanaopigania sekunde wanaweza kuziweka chini kwa ajili ya bibi kizee.

Mwaka jana mbio za siku sita za kaskazini zilipangwa kumalizika Jumapili, na hatua ya mwisho ilipita mbele ya geti langu. Gethin alikuwa na jezi. Kieran alikuwa wa pili, nyuma yake kwa sekunde thelathini na moja. Jumamosi Kieran akanipigia simu, akaniambia ameshaomba ruhusa na Gethin ameikubali kabla hajamaliza kusema. Akanitaka nisimame getini, nje kabisa, na nivae koti langu jekundu. Nikamwambia koti lile lina harufu ya dawa ya nondo. Akasema livae tu, Bibi, nataka uonekane. Nililitundika kwenye kamba mchana kutwa ili harufu itoke. Na wote wawili, nani kashinda nani kashindwa, walikuwa waje kula kwangu saa kumi na nusu. Nikanunua kipande cha nyama ya ng'ombe cha kuoka kilo mbili na nusu, maana nawajua.

Jumapili kukawa na ukungu. Clegg alikuja kukaa juu ya ukuta karibu nami, na mbwa wake, na kofia yake ya kanisani. Lilipita gari la mbele, kisha kimya. Pikipiki ya televisheni ilikuwa imebaki nyuma na kundi, kwa kuwa kamera zilikuwa hazioni kitu.

Halafu nikasikia pumzi kabla sijamwona mtu. Kieran alitoka kwenye ukungu amelala juu ya usukani, kichwa chini. Nilinyoosha mkono. Alipita karibu kiasi kwamba maji ya gurudumu lake yalirukia viatu vyangu, na hakugeuza shingo. Nikadhani ana kasi na barabara imelowa, atasimama mbele kidogo na kurudi. Nikaitazama kona. Niliitazama hata mbwa wa Clegg naye akaanza kuitazama.

"Edna," Clegg akasema, "yule hajasimama."

"Najua."

"Hata breki hajagusa."

Nikamwambia nimesema najua.

Ikapita dakika moja na zaidi, ndipo kundi likaja. Lilikuja polepole, wanaongea, wengine wanakula, kama watu wanaotoka kanisani. Mbele yao alikuwa Gethin na jezi yake ya uongozi, ya rangi ya machungwa. Aliponiona akaacha kukanyaga, akatabasamu mpaka masikio yakasogea.

"Amekusalimia, Bibi?"

Watu hudhani jambo la namna hiyo mtu hulipima. Mimi sikupima. Uso ulikuwa unaniwaka kwa aibu, kwamba nimevaa na kusimama na mtoto wangu amenipita kama nguzo ya umeme, na aibu ile sikutaka Gethin aione. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Gethin akafurahi, akawageukia wenzake akawaonyesha kwa mkono kwamba twendeni taratibu, yuko hapo mbele anatungoja. Wakapanda ukunguni hivyo hivyo, wakizungumza.

Clegg alishuka ukutani, akamwita mbwa wake, akaenda zake.

Mengine niliyasikia redioni nikimenya viazi. Walipofika kileleni hawakumkuta mtu anayewangoja. Wakaanza kumfukuza, lakini kuanzia pale ni mteremko mwembamba mpaka mjini, na Kieran anaujua hata akifumba macho. Mtangazaji alikuwa karibu kulia kwa furaha. Mwingereza mwingine, akasema, nyota mpya ya mbio za siku nyingi, kazaliwa leo. Alikuwa ameshinda mbio zote za siku sita kwa sekunde tisa.

Kieran alifika wa kwanza. Gari la timu lilimshusha getini na kikombe kikubwa cha fedha na shada la maua, akanikumbatia, ananukia sabuni. Nilikuwa nimejiambia sitamuuliza, na nikamuuliza hapo hapo, hata maua sijayatia maji. Akasema miguu ilikuwa mizuri siku hiyo. Akasema nafasi ya namna ile haiji mara mbili, na kwamba mkurugenzi wa timu kubwa alikuwa akiwatazama. Akasema Gethin naye angefanya vile vile.

"Asingefanya," nikasema.

"Haya, asingefanya. Ndiyo maana hajashinda." Akachomoa kiazi kimoja kwenye trei, kinamwunguza, anakihamisha mkono kwa mkono. "Ila wewe Bibi, wewe ni jabali. Nilijua akikuuliza utasema ndiyo."

"Ulijua ataniuliza?"

"Gethin? Anaweza kukupita wewe bila kukuuliza? Ndiyo maana nikakuvalisha koti."

Nikarudi kugeuza nyama. Nilisimama mbele ya oveni ile mlango uko wazi, joto lote linatoka, na pudingi za unga na mayai za kulia nyama, zilizokuwa zimeanza kuumuka, zikalala. Kwa miaka ishirini nilidhani mtoto yule ananipenda bila kufikiri, kama mimi nilivyompenda. Kumbe alikuwa amefikiri. Alikuwa ameujua upendo wangu mpaka kipimo chake, akajua utabeba nini na kwa muda gani, na akauweka getini umwibie jezi rafiki yake.

Gethin akaja saa kumi na nusu kamili, na chupa ya mvinyo na kadi. Alimpa Kieran mkono. Niliwapakulia. Pudingi zilikuwa bapa kama soli za viatu na Gethin akala tatu, akazisifu. Alizungumza yeye zaidi. Alisema meneja wake amemfokea mbele ya mafundi wote, kwamba kiongozi gani analilaza kundi zima kwenye kilima cha mwisho. Naye amekubali kwamba kosa ni lake, alizubaa, alidhani mtu akishasalimia atangoja, na kumbe mbio ni mbio. Huenda mwakani wasimpe tena nafasi ya uongozi. Alisema hayo kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

"Lakini alikusalimia, Bibi," akasema. "Hilo silijutii. Ningekunyima hilo nisingelala."

Kieran alikuwa akikata nyama yake vipande vidogo sana. Nilingoja. Nilimngoja mjukuu wangu aseme yeye, nikampa muda wa kutosha, hata bakuli la mchuzi nikalizungusha mara ya pili bila mtu kuliomba. Alichosema ni kwamba nyama ni laini.

"Hakusimama, Gethin," nikasema.

"Bibi," Kieran akasema.

"Hakusimama. Alinipita. Na uliponiuliza nilijua, nikakuitikia kwa kichwa."

Gethin aliweka uma chini. Hakumtazama Kieran hata kidogo, alinitazama mimi, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu ni wangu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu niliyempa hesabu ngumu na jibu limekubali. Kisha akamgeukia Kieran, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kuomba chumvi. "Utashinda sana, wewe," akamwambia. "Sina wasiwasi na hilo. Ila kuna mtu mwakani mama yake atasimama barabarani, na huyo mtu ataomba ruhusa, na hatapewa. Hata mimi sitampa."

Aliinuka, akapeleka sahani yake kwenye sinki. Alifungua bomba, akalifunga. Akanishukuru kwa chakula, akatoka, nikasikia gari lake likihangaika kugeuka kwenye njia yangu nyembamba.

Kieran alikuwa mweupe midomoni. Akaniambia nimemsaliti. Mtu wake wa pekee duniani, akasema, na nimemuuza kwa mtu wa Wales, siku kubwa kuliko zote za maisha yake. Nikamwambia alinisimamisha getini kama wakulima wanavyosimamisha sanamu ya matambara ya kutishia ndege, tofauti ni kwamba sanamu haijui inamdanganya nani. Akafunga kikombe chake kwenye taulo langu la jikoni, akaondoka.

Tangu hapo ameshinda mbio za wiki nzima Hispania, na mwezi uliopita hatua mbili za milimani Italia. Clegg hunigongea mlango kunipa dakika na sekunde, nami namkaribisha chai, nasikiliza. Krismasi Kieran alipiga simu, tukazungumza habari za mabomba kuganda. Gethin nilimwandikia barua, kwanza kwa penseli, kisha kwa kalamu. Hajajibu.

Mbio za kaskazini zilirudi majira haya ya kuchipua, kwa barabara ile ile. Kijana mmoja wa Hexley, bonde la pili kutoka kwetu, aliomba ruhusa ya kumsalimia mama yake, na wakamkatalia. Mama mwenyewe, Marjorie Pickles, alikuja kusimama mbele ya geti langu kwa sababu hapa kilima ni kikali na walau wangepita polepole. Alikuwa na chupa ya chai na mto wa kukalia. Kundi likaja lote kwa pamoja, rangi zimechanganyika, vichwa vimeinama, likapita, likaisha.

Aliniuliza kama nimemwona ni yupi. Nikamwambia sikumwona. Akafungafunga vitu vyake kwa muda mrefu, akisukuma kile kifuniko cha chupa ambacho kilikuwa kimeshafungika, kisha akaniuliza kama ni kweli wasemavyo watu, kwamba wamemnyima mwanawe kwa sababu ya jambo lililofanyika hapa kwangu.

Nikamwambia ni kweli, na kwamba jambo lenyewe tulilifanya wawili.

Akauchukua mto wake, akavuka barabara, akateremka kwa upande wa pili.