Wito wa Tatu

Bi Nyundo alikuwa amekwisha vuka mlango wa wodi, gauni la hospitali bado mwilini na sketi yake kaivalia juu, wifi yake alipogeuka na kukuta kitanda kitupu. Wifi alikwapua viatu na mkoba, akamfuata mbio koridoni, huku akimsihi avae japo kiatu kimoja, watu wasije wakadhani wanafukuzana na mwizi wa gauni.

Bi Nyundo hakugeuka. Jina hilo alilipata uani kwenye mnada, alikoita bei mara tatu, akagonga nyundo, na kuuza makabati, vitanda na meza za watu waliohama au waliofariki. Mtu aliingia akitafuta stuli, akatoka na kabati la milango mitatu, na kosa lilikuwa la sauti ya mwanamke huyu. Sasa uvimbe ulikuwa umeota kwenye shina la ulimi wake. Asubuhi ile daktari wa upasuaji alikuwa amemweleza kwamba kesho yake angekata shina hilo, na pengine pamoja na zoloto, ndimo inamotoka sauti. Angepona, lakini angepumua kwa tundu la shingoni.

Daktari aliwakuta kwenye ngazi, anahema.

"Mama, huu uvimbe hautakusubiri."

"Na wewe umeita mara moja tu," akamjibu. "Kwangu kitu hakiondoki kwa wito mmoja."

Hakuwa anapayuka. Daktari wa mionzi alikuwa amemdokeza kwamba saratani za koo hazifanani. Zipo zinazoletwa na sigara na pombe, na zipo zinazoletwa na kirusi. Hizi za kirusi huwa na alama ndani ya chembe zake, na zenye alama hiyo mara nyingi husalimu amri mbele ya mionzi na dawa, kisu kikabaki mfukoni. Kipande cha nyama yake kilikuwa tayari maabara. Alitaka kipimwe kwanza.

Daktari wa upasuaji hakumdharau. Alimwambia kweli yake: kipimo hicho hupelekwa mbali, alama si ahadi, na mionzi nayo inaunguza. Kisha akauliza kama alama isipoonekana atarudi.

"Nikigonga, nimegonga." Akaipiga reli ya ngazi kwa ngumi. Hapo ndipo akakubali kuvaa viatu.

Alama ilionekana.

Bi Nyundo alitaka kupiga vigelegele mle ofisini, lakini daktari wa mionzi alikuwa hajamaliza. Kirusi hicho, alisema kwa upole, hupita kati ya watu katika mambo ya chumbani. Watu wazima wengi hukipata, na miili yao hukifukuza bila wao kujua. Kwa wachache hujificha miaka na miaka. Hakuna kipimo cha kusema kilitoka kwa nani, wala lini.

Wifi alikazia macho sakafu. Marehemu mume wa Bi Nyundo alikuwa kaka yake, tena kaka wa pekee. Nyumbani, akiwa anamenya vitunguu, ndipo alipoyatoa ya moyoni.

"Basi ni kaka yangu. Au ni wewe."

"Kaka yako amelala, wifi. Niliye macho ni mimi, na kesho naanza mionzi. Unanisindikiza au hunisindikizi?"

Alimsindikiza, ila alikaa kiti cha mbali. Naye Bi Nyundo, kwa ukali wake wote, alikuwa akilala chali akimshitaki mumewe, akimwachilia, akijishitaki mwenyewe, hadi akaichoka mahakama ile isiyo na shahidi. Alikuwa amekimbia kisu ili aiokoe sauti. Hakujua kwamba kuna kitu kingine watu wangetaka kumkata: heshima yake.

Matibabu hayakumbembeleza. Kila siku walimfunika uso kwa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yake, wakakikaza mezani asitikisike. Mate yalikauka. Chai ikawa miiba, kisha ikawa haipiti, chakula kikapitia kwenye mrija. Sauti nayo ikaanza kuchakaa. Hata hivyo siku ya mnada ilipofika alivaa, akachukua nyundo yake, akaenda. Wifi alimfuata akinung'unika kwamba maiti wengine hawajui kulala.

Alikuwa akinadi kabati la vyombo, bovu mguu mmoja, wakati Makochi, mchuuzi mzee wa viti aliyezoea kukaa mbele, alipouliza kwa sauti iliyosikika uani kote kama ni kweli yale maneno yaliyozagaa mtaani, na ugonjwa huo mama kauokota wapi.

Watu waliangalia viatu vyao. Bi Nyundo alimgeukia Makochi.

"Nimeupata pale pale ulipopatia watoto wako," alisema, kwa sauti ya kopo linaloburutwa. "Tunaendelea. Kwa mara ya kwanza..."

Hapo sauti ikakatika. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Uani kulikuwa na kicheko kilichokuwa bado hakijui kielekee wapi. Ndipo nyuma kabisa, kwenye rundo la magodoro, wifi akasimama juu ya benchi.

"Kwa mara ya pili!" akaita. "Nani anaongeza?"

Kicheko kikapata njia. Makochi, uso umemwiva, akainua mkono kujiziba. Miaka yote ile mnadani, na leo kasahau kwamba mkono ukiinuliwa ni bei.

Wifi hakuita mara ya tatu. Alimtazama Bi Nyundo. Nyundo ikashuka.

Kabati lile liko barazani kwa Makochi, limeegemezwa tofali, amekataa kuliuza. Daktari wa upasuaji alihamia hospitali nyingine, anakata na watu wanapona. Daktari wa mionzi bado yuko pale pale, na picha za mwisho alizozipiga hazikuonyesha uvimbe. Wifi hajauliza tena habari za kaka yake. Mate ya Bi Nyundo hayakurudi. Hutembea na chupa ya maji. Sauti ilirudi nusu. Asubuhi hunadi mwenyewe, mchana wifi ndiye anayenadi. Wito wa tatu hawaachiani, huuita pamoja.