Komeo la Ukurasa wa Mwisho

Kila aliyeiona ile picha anaukumbuka mkono. Mama kasimama nyuma ya mlango, mwanawe yuko nje anabisha, na mkono wa mama uko juu ya komeo. Unakaa pale. Kwenye majumba ya sinema watu walikuwa wanasahau kutafuna. Wajuaji wameandika mengi kuhusu mkono ule, wengine wamepatia shahada, na hakuna hata mmoja aliyemtaja Mama Taipu. Basi ngoja tumtaje sisi.

Mama Taipu alikuwa mpiga chapa. Katika ghala walilokodi watu wa picha alipewa kijimeza karibu na mlango wa nyuma, taipureta, na kazi ya kupiga upya kurasa ambazo mwongozaji alizivuruga kila asubuhi. Jina hilo alipewa kwa ajili ya vidole vyake. Alikuwa anapiga bila kutazama, huku anaongea na wewe, huku anakunywa chai, na hakosei. Ndivyo walivyosema, hakosei. Aliposifiwa hivyo aliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Siku ya kwanza alipoingia ghalani alipigwa na butwaa. Nyumba nzima ilikuwa imejengwa mle ndani, haina paa, taa zinaning'inia juu yake. Miaka kumi na mmoja nyuma, yeye ndiye aliyeipiga chapa riwaya yenyewe, kutoka kwenye mwandiko wa mtunzi wake, mwalimu wa shule ya msingi ambaye herufi zake zilikuwa adhabu tosha kwa mwanadamu. Sasa kila alichokipiga kilikuwa kimesimama mbele yake. Birika lililobonyea upande, ukurasa wa nne. Kiti chenye mguu uliofungwa waya, ukurasa wa kumi na tisa. Ule ufa wa ukutani, ambao kwake ulikuwa mstari mmoja na nusu, maseremala watatu walikuwa wameuchonga siku mbili. Aliupitishia kidole, mwili ukamsisimka. Yalikuwa maneno tu yale. Aliyagonga mwenyewe, kwenye meza ya mama yake, na leo mtu asipoangalia anaweza kujigonga goti.

Alikaa pale midomo wazi mpaka mtu wa taa akamwomba apishe. Ndipo hofu ikamwingia. Ikiwa mstari mmoja na nusu unaweza kupasua ukuta, je, herufi moja?

Maana Mama Taipu alikuwa na siri. Riwaya ile inamhusu mama ambaye mwanawe alitoroka wakati baba yuko kitandani anaumwa, akamwachia mzigo wote peke yake. Pamoja na hayo, mama hatii komeo mlangoni. Kila jioni anaurudishia tu, ili mwana akija asikwame nje. Sentensi ya mwisho kila mwanafunzi anaijua kwa moyo. Mwana amerudi, anabisha, na "Mama akasimama, akashika komeo, akafungua." Kuna walimu waliolia darasani kwa sentensi hiyo, mbele ya watoto.

Yule Mwalimu mtunzi hakuandika hivyo. Mwalimu aliandika "akafunga".

Ni u moja tu. Mama Taipu aliigundua wiki nzima baadaye, alipokuwa anaupanga mswada wa mkono ili aurudishe kwa mwenyewe, akautazama sambamba na nakala yake ya kaboni. Kitabu kilikuwa kimekwisha kwenda mtamboni. Akautia mswada kwenye bahasha, akauacha kizingitini kwa Mwalimu, akaondoka mbio. Tangu siku hiyo alimkwepa yule bwana. Akimwona mbele anageuza njia. Kuna siku Mwalimu alimpelekea kifurushi, kitabu kimefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi. Mama Taipu alijua ndani lazima kuna barua ya kumsuta, akakitupia juu ya kabati bila kukifungua. Mwalimu alipofariki hakwenda mazikoni. Alituma salamu kwamba anaumwa, na kweli alikuwa anaumwa, ila si mahali pa kumwonyesha daktari.

Yote yangepita salama kama si mwigizaji mkuu. Walimwita Malkia kwa maringo yake, maana chai yake ilikuwa lazima irudishwe mara mbili ndipo ainywe. Lakini kwenye kazi hakuwa na mzaha. Siku tatu kabla ya kumaliza, walikuwa wanaifanyia mazoezi ile sehemu ya mwisho, akasimama katikati ya hatua.

"Hebu nielewesheni," alisema. "Huyu mama hatii komeo. Mlango umerudishiwa tu. Sasa mtu anayefungua mlango usio na komeo, anashika komeo la nini?"

Mwongozaji akapekua karatasi zake mpaka ukurasa wa mwisho. Maelfu ya watu walikuwa wameisoma sentensi ile, wameililia, wameijibia mitihani, na hakuna aliyewahi kuuliza. Kwenye kijimeza karibu na mlango wa nyuma, taipureta ilinyamaza. Mama Taipu aliangalia karatasi yake akaona amepiga x sita mfululizo.

"Mpelekeeni mjane wa Mwalimu salamu zangu," mwongozaji akasema mwishowe. "Mwambieni aje na ule mswada wa mkono."

Mjane alikuja siku ya mwisho, asubuhi, mama mnene mwenye miwani, amekumbatia kopo la biskuti. Filamu iliyobaki ilikuwa ya kupiga sehemu ile mara moja tu. Wakikosea, basi. Mwongozaji akalifungua kopo, akatoa rundo la karatasi, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho. Aliusogeza karibu na taa.

"Akafunga," alisoma taratibu. Akarudia kama mtu anayeonja. "Akashika komeo, akafunga."

Kitabu walichokijua miaka yote hiyo kilikuwa kimegeuka mbele ya macho yao, na mwana amebaki nje.

"Basi tutapiga kama alivyoandika mwenyewe," mwongozaji akasema. "Maneno ni yake. Marehemu ana haki yake."

Mama Taipu alijiona anasimama. Angeweza kukaa kimya, kosa likasukumiwa wachapaji, nao wasingejua hata pa kuanzia kukataa. Lakini aliona ule mlango wa mbao, aliouleta duniani kwa vidole vyake, unataka kumfungia mtoto wa watu nje mpaka kiama, na miguu ikamtangulia.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyekipiga chapa. Nilipofika pale machozi yalikuwa yananitoka, nilitaka sana afungue. Vidole vikafanya vyao. Sikukusudia. Au pengine nilikusudia, sijui. Mwalimu alikufa sijamwomba radhi."

Mjane akavua miwani.

"Kumbe ndiyo sababu ulikuwa unatukimbia, mdogo wangu? Mimi nilidhani una majivuno." Akaketi kwenye kile kiti cha waya, nacho kikalia. "Alijua. Kitabu kilipotoka alikisoma mpaka mwisho, akapandisha hasira, akavaa viatu aende akagombane na wachapaji. Akafika mlangoni, akashika komeo. Akasimama weee. Mimi niko jikoni namwangalia, namwambia si uende basi. Halafu akarudi, akavua viatu. Akasema, hili si la wachapaji, ni la mpiga chapa, mwache binti wa watu, moyo wake ni mkubwa kuliko wangu." Akavaa tena miwani. "Mbona alikuletea kitabu? Ndani alikuandikia nini?"

"Sijakifungua, dada," alisema Mama Taipu.

Mwongozaji aliweka karatasi chini. Lakini aliyesogea ni Malkia. Alimwendea mjane, akapiga magoti mbele yake, gauni la kazi likiburura vumbi.

"Mama, pale mlangoni alisimama vipi?" aliuliza. "Nionyeshe."

Mjane akainuka. Akatembea hadi kwenye mlango ule usio na nyumba ya kweli, akaweka mkono juu ya komeo. Mafundi wa taa, maseremala, wapishi, wote walikuwa wamesimama. Walikuwa wanamwona mtu aliyekwisha kufa anafikiri. Bega la mjane lilishuka kidogo, vidole vikalegea, vikakaza tena. Mama Taipu hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile kikifanyika ndani ya mahali padogo namna ile.

Walipiga mara moja. Malkia alisimama, akalishika komeo, akalisukuma. Chuma kilisikika kikiingia, nusu. Hapo ndipo mkono ulipotulia, na kila mtu ghalani aliona maneno yote mawili yamo ndani ya mkono mmoja, yanasukumana. Kamera ilinguruma. Kisha komeo likarudi nyuma, taratibu, na mlango ukafunguka. Mwongozaji alisahau kusema "Kata!" Filamu ilikatika yenyewe kwa kuisha.

Mama Taipu alifika nyumbani jua bado lipo. Hakuvua viatu. Alipanda juu ya kiti, akakishusha kifurushi, akakipangusa vumbi kwa upindo wa gauni, akaketi nacho mapajani. Fundo la uzi lilikuwa limekakamaa kwa miaka. Alilihangaikia kwa kucha, akalihangaikia kwa meno, mpaka likakubali.

Hakukuwa na barua. Alikwenda ukurasa wa mwisho. Wino mwekundu. Mwalimu alikuwa ameizungushia duara ile u, vilevile wafanyavyo walimu wakikuta kosa kwenye daftari la mtoto. Alifumba macho, akakaa hivyo na aibu yote ya miaka kumi na mmoja.

Alipoyafumbua aliona kilichokuwa pembeni ya duara. Mwalimu alikuwa ameweka vema, moja, kubwa, ile anayowekewa mwanafunzi aliyepata.