Ufa Nilioutia Mimi

Mkutanoni walituonyesha picha ya ufa, kubwa kama mlango. Ufa ulianzia kwenye paa la maktaba yetu ukashuka hadi sakafuni, na Pak Hendarto, yaani Bwana Hendarto, ofisa wa mipango miji, aliufuatisha kwa kijiti chake, kwa madaha.

"Mnajionea wenyewe. Jengo la mwaka sitini na nne, limechoka. Likiwaangukia watoto, nani atajibu? Tulibomoe, tupate uwanja wa kuegesha magari mia mbili."

Hapa Semarang, Indonesia, hakuna mkutano bila kisanduku cha vitafunio, na watu walikuwa wakitafuna tu. Maktaba yao inauawa, wao wanatafuna! Hasira ilinipanda hadi masikioni. Hata hivyo nilinyamaza, maana ufa ule niliutia mimi.

Mimi Ngadiman ni fundi wa maktaba hiyo, mwaka wa thelathini huu. Walioijenga waliacha mwanya kati ya nusu zake mbili, zege lipate pa kutanukia jua likiwaka. Waziri alipokaribia kututembelea, mkurugenzi aliuonea aibu mwanya ule. "Ziba huo," akasema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikajiambia, nikaujaza saruji. Mjinga mimi! Zege likatanuka, saruji ikapasuka.

Bu Suwarni, bibi mkutubi wetu, alisimama peke yake. "Pak, nguzo ni nzima. Tumezikagua."

"Bu, wewe jua vitabu, zege tuachie sie," mtu akamtania, wakacheka.

Hapo nikainuka. Nilikuwa nimeificha aibu yangu miaka kumi na mmoja, na ilinitosha.

"Huo si ufa, ni mwanya wa wajenzi. Kilichopasuka ni saruji yangu. Nipeni nyundo niitoe mbele yenu, mtaukuta mwanya umenyooka kama uzi."

"Kumbe mharibifu ni mzee Ngadiman!" mtu akapaza sauti. Kicheko kikanichoma, lakini sikukaa.

Pak Hendarto alishusha pumzi. "Haya, mzee, jengo ni zima. Magari sasa tuyaweke wapi? Kichwani kwako?"

Hakuna aliyecheka. Bu Suwarni akamgeukia katibu, kijana wa ofisi ya Pak Hendarto mwenyewe.

"Mdogo wangu, andika kwenye kumbukumbu za mkutano. Ofisa amesema jengo ni zima. Maneno yake hayo hayo."

"Usiandike!" Pak Hendarto akafoka.

Katibu alimtazama bosi wake, akatutazama na sisi. Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.